Minyaa ya Singida: Hati ya Ardhi Isiyo na Muhuri

Wasomaji wangu, leo naomba niwatoe mjini kidogo. Siasa tutazirudia, zenyewe haziishi. Leo nataka tuzungumze habari za mmea. Ndiyo, mmea! Tena siyo alizeti ambayo imeipa Singida jina siku hizi, wala vitunguu, wala wale kuku wa kienyeji tunaowapigia simu wajomba watutumie kwa basi. Nataka tuzungumze habari za mnyaa.

Wengi wetu tunaujua mnyaa bila kujua kwamba tunaujua. Ni kichaka cha kijani ambacho ukikitazama kwa mbali utadhani hakina majani kabisa. Majani yake ni madogo sana na hupukutika mapema. Kinachobaki ni vijiti vya mviringo, unene wa penseli, vimegawanyika na kugawanyika tena. Ukivunja kimoja unatoka utomvu mweupe kama maziwa. Wengine wanauita manyara. Ulaya na Marekani unauzwa kwenye vyungu kama pambo la sebuleni, na wenyewe huko wanauita kaktasi ya penseli ingawa hauko kwenye ukoo wa kaktasi. Ndugu zetu mlioko huko, mkiuona dukani umebandikwa bei ya dola au yuro, jueni kwamba kwa babu zetu ule ni ukuta wa zizi.

Ukitoka Dodoma kwa basi, ukapita Manyoni na kuingia Ikungi kuelekea Singida mjini, chungulia dirishani. Utaona mawe makubwa yaliyopandana kana kwamba kuna mtu aliyapanga. Utaona miji ya watu iliyozungushiwa minyaa. Lakini kuna kitu kingine kinachohitaji jicho la kutafuta. Utaona mistari ya minyaa mahali ambapo hakuna nyumba. Iko katikati ya shamba la uwele au la alizeti, au iko porini tu. Inakwenda moja kwa moja, inakata kona, inaendelea. Hakuna mlango, hakuna zizi, hakuna mtu.

Nani aliipanda? Na alikwenda wapi?

Hoja yangu ya leo ni hii: mistari ile ni maandishi. Ni hati za ardhi ambazo hakuna ofisi iliyozigonga muhuri, na historia ya Singida, hasa ya miaka ya 1970, huwezi kuielewa vizuri kama hujui kuzisoma.

Ili uzisome, kwanza ujue mnyaa unavyopandwa. Mimi nilielekezwa na mzee mmoja wa Kinyaturu, na maelekezo yake hayakuchukua hata dakika tano. Unachagua tawi lililokomaa, unene wa kidole gumba hivi, urefu wa kama dhiraa moja. Unalikata kwa panga kali, pigo moja, huku umesimama upande ambao upepo unatoka ili utomvu usikurukie. Halafu huendi kulipanda. Unaliweka kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kikauke na utomvu ugande. Ukilifukia likiwa bichi linaweza kuoza kabla halijatoa mizizi. Likishakauka kidonda, unachimba mfereji mdogo, unachomeka matawi yako moja baada ya jingine, nafasi kama shubiri moja, unashindilia udongo kwa mguu. Wengi hufanya hivyo mvua za Novemba zinapokaribia, kwa sababu Singida ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia hapo mpaka Aprili. Mbolea hakuna. Kumwagilia hakuna. Basi!

Tahadhari moja kabla sijaendelea. Utomvu wa mnyaa ni sumu. Ukiingia machoni unaunguza vibaya na mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona kwa siku kadhaa, kwa hiyo osha kwa maji mengi na uende hospitali. Sumu hiyo hiyo ndiyo sifa ya mmea huu kwa mfugaji: mbuzi, ambaye anakula hata gazeti, haugusi.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo mimi ndiyo iliyonifanya nikose usingizi. Tawi ulilolikata siyo mtoto wa mmea ule. Ni mmea ule ule. Mbegu huchanganya baba na mama, lakini tawi halichanganyi kitu. Ukikata matawi mia moja kwenye mnyaa mmoja ukazungushia mji wako, una mmea mmoja uliosimama mahali mia moja. Tena minyaa kwa kawaida ina dume na jike, kila mmea na jinsia yake. Uzio uliotokana na mmea mmoja unaweza kuwa wa jinsia moja mwanzo mpaka mwisho, na mbegu utazisubiri sana. Kwa hiyo mnyaa unaweza kuota porini wenyewe, sawa, lakini mnyaa haujipangi mstari na kukata kona. Ukiona mstari, kuna mkono wa mtu.

Na matawi lazima yalitoka mahali. Yalitoka kwa baba, au kwa shemeji, au kwa jirani. Kila uzio una uzio uliouzaa. Hebu tafakari kidogo: ukoo wa mimea unatembea sambamba na ukoo wa watu! Kijana anaoa, anahama kwa baba yake, anakwenda na matawi begani. Mzee aliyepanda alishakufa, mwanawe naye ameshazeeka, lakini mmea uliosimama pale ni ule ule.

Kwa nini watu wa Singida waliuhitaji? Kwa sababu ya ng'ombe, na kwa sababu ya mavi ya ng'ombe. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Harold Schneider, alifanya utafiti kwa Wanyaturu mwaka 1959 na 1960, na kitabu chake kikatoka mwaka 1970. Alichokiona ni kwamba kilimo cha Wanyaturu kilisimama juu ya samadi. Udongo umechoka, mvua ni kidogo, mtama na uwele havitoi kitu bila mbolea. Hivyo ng'ombe analazwa karibu na nyumba, samadi inakwenda kwenye shamba lililo karibu na nyumba, na shamba hilo linanenepa mwaka hadi mwaka. Nyumba, zizi na shamba ni kitu kimoja. Huwezi kuvitenganisha bila kuviua.

Uzio wa miiba ulikuwepo, lakini uzio wa miiba ni uzio mfu. Mchwa wanaula, moto unaupitia, kila baada ya muda mfupi unarudi porini kukata miti mingine. Uzio wa mnyaa unaishi, na kadiri unavyoukata ndivyo unavyozidi kushona.

Hapa lugha yetu yenyewe ina ushahidi. Neno "boma" ni nini? Kwanza ni uzio, wigo wa kuzuia adui na mnyama. Wajerumani walipokuja wakajenga ngome zao, kama ile ya Mkalama kaskazini mwa Singida, na watu wakaziita boma. Waingereza wakairithi ofisi na jina lake. Mpaka leo mtu akiitwa "bomani" anajua anaitwa na mkuu wa wilaya. Neno la zizi likawa neno la serikali! Jirani yetu Ziwa Manyara nalo, maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba jina limetokana na neno la Kimaasai la mmea huu huu unaozungushiwa maboma. Mwaka 2002 mkoa mzima ulipokatwa kutoka Arusha ukapewa jina hilo. Tuna mkoa wenye jina la uzio.

Lakini jina la kitaalamu halikutoka kwetu. Mwaka 1753 Linnaeus, yule Mswidi aliyegawa majina kwa viumbe vyote, aliuita Euphorbia tirucalli. Hilo "tirucalli" ni neno la Malabar, kusini mwa India, ambako Waholanzi walikuwa wameshauandika mmea huu katika karne ya 17. Wataalamu wanasema asili yake ni Afrika. Mmea wa kwetu, jina la India, mbatizaji Mswidi. Hayo tuyaache, maana yana siku yake.

Turudi kwenye mistari isiyo na nyumba.

Septemba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliandika kuhusu ujamaa vijijini, na wakati ule msisitizo ulikuwa watu wajiunge kwa hiari. Miaka sita baadaye lugha ilibadilika. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na TANU ilikuwa imeshaweka lengo: ifikapo mwisho wa 1976 kila mkulima awe kijijini. Ndiyo Operesheni Vijiji. Mwaka 1977 serikali ilihesabu watu karibu milioni 13 katika vijiji zaidi ya 7,000. Hakuna uhamaji mkubwa kuliko huo katika historia ya nchi hii.

Naomba tusigombane hapa. Najua wapo mnaompenda Mwalimu na wapo mnaomlaumu, na mimi nadhani pande zote mbili zina la kusema. Shule nyingi za msingi walizosoma wazazi wetu zilikuja na vijiji vile. Visima, zahanati, vivyo hivyo. Nyumba zilizotawanyika kwenye mbuga huwezi kuzipelekea bomba. Hilo ni kweli.

Lakini tazama kilichotokea kwa mtu mmoja mmoja. Unaambiwa uhamie kando ya barabara, nyumba zikae kwa mstari, kila kaya na kiwanja chake. Tembe lako unaweza kulibomoa ukabeba nguzo. Ng'ombe unawaswaga. Mtungi unajitwisha. Shamba lililokula samadi ya miaka thelathini je? Hilo halibebeki. Na uzio wa minyaa haubebeki. Wewe unakwenda, wenyewe unabaki.

Kiswahili kina neno la mahali palipobaki hivyo: mahame. Ndiyo ile mistari uliyoiona kupitia dirisha la basi. Siyo yote, maana watu wa Singida walikuwa wakihamahama hata kabla, kwa njaa, kwa ugonjwa wa mifugo, kwa ugomvi wa nyumbani. Lakini kwa umri na kwa wingi, mahame mengi yanayozungumzwa na wazee ni ya wakati wa operesheni. Mzee akisema "kule kwetu kwa zamani", anakuonyesha minyaa.

Katika mwezi ule ule wa Novemba 1973 dunia ilikuwa imeshikwa na kitu kingine kabisa: Waarabu walikuwa wamefunga mafuta. Basi bwana, kule California profesa mmoja, Melvin Calvin, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1961 kwa kueleza mimea inavyotumia mwanga wa jua, akaanza kuwaza kama utomvu wa mimea ya jamii ya mnyaa unaweza kugeuzwa petroli. Miaka ya 1970 aliipigia debe sana, na mnyaa ulikuwa mmoja wa mimea aliyoitaja. Bei ya mafuta ikashuka, watu wakasahau. Nalitaja hili kwa sababu linanichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Profesa alikuwa anautafuta mnyaa wakati wenye minyaa wanaambiwa waiache.

Haya, watu walihamia vijijini. Je, walikaa? Wengine walikaa. Wengine, kuanzia miaka ya 1980, walianza kurudi taratibu, kwanza kulima tu kwenye mahame kwa sababu ndiko kwenye udongo wenye rutuba, baadaye kujenga kabisa. Sasa ndipo matatizo yalipoanza, kwa sababu mahame ya mtu mmoja mara nyingi yalikuwa yamegawiwa na serikali ya kijiji kwa mtu mwingine. Mmoja anasema: hapa ni kwa baba, uzio huu hapa. Mwingine anasema: hapa nilipewa na kijiji mwaka 1974, watoto wangu wote wamezaliwa hapa. Nani mwongo? Hakuna mwongo hata mmoja.

Kesi za namna hii zilijaa nchi nzima, hasa mikoa ya kaskazini. Mwaka 1991 serikali iliunda Tume ya Rais ya masuala ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji, ikazunguka mikoani kusikiliza watu. Mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria iliyofuta haki za kimila za kabla ya operesheni, ambayo sheria iliitaja kuwa ni ya kati ya 1970 na 1977, na kuzuia watu wasiende mahakamani kuzidai. Wewe na uzio wako, kwaherini.

Familia moja kutoka wilaya ya Mbulu ilikataa. Ilikuwa imeshashinda kesi na kurudishiwa ardhi yake, na sheria mpya ilitaka kuupindua ushindi huo. Shauri likafika Mahakama ya Rufani, na Desemba 1994 majaji wakiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali wakasema kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali, inalindwa na Katiba kama mali nyingine. Baadhi ya vifungu vya sheria ile vikatupwa nje. Wanasheria wanaikumbuka kesi hiyo kwa jina la Akonaay. Sisi wengine tuikumbuke kama siku mahakama kubwa ya nchi ilipotamka kwamba mkulima asiye na karatasi siyo mvamizi.

Baada ya hapo ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Sheria hiyo inatambua haki ya kimila na kuipa hati. Lakini pia inakubali kwamba mgao uliofanywa wakati wa operesheni ni halali. Kwa hiyo msinielewe vibaya: mnyaa peke yake hautakurudishia mahame ya babu yako. Unachofanya mnyaa ni kutoa ushahidi. Kamati inapopita kijijini kuhakiki mipaka, majirani wanasimama na kuonyeshana, na mara nyingi kinachoonyeshwa ni mmea. Ndiyo maana ugomvi wa mpaka huanza na panga: anayetaka kula shamba la mwenzake anaanza kwa kufyeka minyaa. Au kinyume chake, anachomeka matawi mapya usiku, ili kesho yaonekane. Mwenye macho hadanganyiki. Mnyaa wa miaka hamsini una shina la mti, gome limekuwa kijivu, umepanda juu mita kadhaa. Wa mwaka jana ni vijiti.

Kuna jambo moja lazima niliseme ili haki itendeke. Maandishi haya ya minyaa, kama maandishi yote, yameandikwa na baadhi ya watu tu. Yanawaonyesha Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo waliojenga na kuzungushia. Hayaonyeshi sana Wataturu waliokuwa wakihama na mifugo yao. Hayaonyeshi kabisa Wahadzabe wa Mkalama, ambao walikuwa kwenye ardhi ile kabla ya wote na hawakuzungushia kitu, kwa sababu anayekula matunda pori, asali na nyama ya kuwinda hana cha kuzungushia. Tukisema "penye uzio ndipo pana mwenyewe", tumeshamfukuza Mhadzabe bila kumwita hata kwenye kikao. Naomba tukumbuke hilo kabla hatujashangilia.

Na leo? Leo minyaa inaondoka. Singida mjini, karibu na maziwa ya Singidani na Kindai, watu wanajenga kwa tofali na geti la chuma, na uzio wa mnyaa umekuwa alama ya ushamba. Vijijini trekta halipendi kona, hivyo anayelima alizeti kwa ukubwa anang'oa mistari yote apate shamba moja pana. Siwalaumu. Ukuta wa tofali haumuunguzi mtoto macho. Lakini mstari ukishang'olewa umefutika, na aliyekuwa anajua ni wa nani naye ana miaka themanini.

Aliyehamishwa mwaka 1974 akiwa na miaka 25 ni mtu ambaye sasa anahesabika kwa vidole kijijini kwake. Sisi ambao tuna simu zenye kamera na ramani za setilaiti tumekaa mjini tunabishana kama operesheni ilikuwa nzuri au mbaya, wakati ushahidi wenyewe unafyekwa. Kwa nini tusianze na lililo rahisi? Ukienda likizo Ilongero, Puma, Kiomboi au kokote kwenu, mwombe babu au bibi mtembee mpaka kwenye mahame. Piga picha kona nne. Andika jina la aliyepanda, alitoa wapi matawi, alihama mwaka gani, na nani analima pale sasa. Muulize na huyo anayelima sasa, maana naye ana historia yake. Iandikwe kabla hati haijatoka, siyo baada ya kesi kufunguliwa.

Na kama uzio umeshabaki shina moja tu, kata tawi. Liache kivulini siku chache, kisha lichomeke popote ulipo, hata kwenye kopo la rangi pale Sinza, mbali na mikono ya watoto. Litaota. Utakuwa na mmea ule ule.

Naomba kutoa hoja.